Aliyelipia Mabati: Makanisa ya Kenya na Vita dhidi ya Ufisadi

Historia ya makanisa ya Kenya na ufisadi wa serikali husimuliwa kama historia ya mashujaa wachache: maaskofu wa Kianglikana Henry Okullu wa Maseno South, Alexander Muge wa Eldoret, David Gitari wa Mount Kenya East, Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian, na kwa upande wa Wakatoliki Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru. Simulizi hiyo ni ya kweli, na watu hao wanastahili kila heshima wanayopewa. Hata hivyo inatuachia imani moja potofu, kwamba makanisa yalinyamaza baadaye kwa kuwa mashujaa walikufa au walistaafu, na kwamba siku tutakapojaliwa askofu mwingine mwenye kifua kama chao mambo yatarudi kama zamani. Mimi nasoma historia hiyo kwa namna nyingine. Ujasiri wa wahubiri wale ulikuwa na mahali pa kusimama: walikuwa na magazeti yao, walikuwa na habari za uhakika kutoka vijijini, na walikuwa na mfuko ambao wakubwa wa serikali hawakuwa wameutia mkono. Mfuko huo ulipoanza kujazwa na wale wale waliopaswa kukemewa, sauti ilififia, hata katika makanisa yaliyoongozwa na watu wema. Nani aliyelipia mabati ya kanisa ni swali lililoamua mengi kuliko nani anayehubiri chini ya mabati hayo.

Mbegu za ufisadi wa Kenya huru zilipandwa mapema. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilikubali kwamba mtumishi wa umma anaweza kuendesha biashara zake binafsi akiwa bado kazini. Tangu hapo afisa wa kutoa leseni aliweza pia kuwa mwombaji wa leseni, na msimamizi wa ardhi ya umma aliweza kuwa mnunuzi wake. Wakati huo makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa tayari na magazeti mawili yaliyoanza katika miaka ya 1960, Target kwa Kiingereza na ndugu yake Lengo kwa Kiswahili. Okullu alikuwa mhariri wa Target kabla ya kuwa askofu, na mwaka 1974 alichapisha kitabu Church and Politics in East Africa, akitetea haki ya kanisa kuisema serikali. Mwaka uliofuata, Machi 1975, mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Alikuwa mtu aliyelalamika waziwazi kwamba nchi inawatajirisha wachache na kuwaacha mamilioni mikono mitupu. Gitari, wakati huo katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alipewa nafasi ya kutoa mahubiri ya asubuhi katika redio ya Sauti ya Kenya, naye akaitumia kuzungumza juu ya Kaini na Habili na damu inayolia kutoka ardhini. Alikuwa akisema hayo katika redio ya serikali, chini ya Rais Jomo Kenyatta, na akiwa mzaliwa wa Kirinyaga, katika eneo lile lile la Mlima Kenya lililodhaniwa kuwa ndilo linalofaidi utawala. Jambo hilo tutalihitaji mbele kidogo.

Pambano kubwa lilikuja mwaka 1986, na kwa juu juu halikuhusu fedha hata kidogo. Chama tawala cha KANU kiliamua kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni hadharani nyuma ya wakala au picha ya mgombea wao. Atakayepata zaidi ya asilimia 70 katika foleni atahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, bila kura ya siri kupigwa. Agosti mwaka huo wachungaji wapatao 1,200 walikuwa wamekusanyika katika Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa mkutano wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, na wakaupinga mpango huo. Mchungaji, walisema, hawezi kusimama nyuma ya mgombea mmoja mchana kweupe kisha Jumapili awalishe meza ya Bwana waliosimama katika foleni nyingine. Maaskofu Wakatoliki nao walimwandikia Rais Daniel arap Moi kupinga. Uchaguzi wa 1988 ulifanyika hivyo hivyo, na nchi nzima ikashuhudia foleni fupi zikitangazwa kuwa ndefu.

Wapo wanaouona mgogoro wa mlolongo kuwa sura ya historia ya demokrasia, wakiutenga na historia ya ufisadi. Nadhani wanakosea. Bunge lililoingia kwa mlolongo ndilo lililokuwa limeketi wakati mpango wa Goldenberg ulipoanza. Kampuni ya Goldenberg International ilipewa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo, katika nchi yenye dhahabu kidogo na isiyo na machimbo ya almasi, na mabilioni ya shilingi yakatoka katika hazina ya umma. Mbunge ambaye kiti chake kilitokana na kinywa cha afisa aliyetangaza urefu wa foleni hakuwa na sababu ya kumuuliza waziri wa fedha swali gumu, kwa maana hakuwa na deni kwa mpiga kura yeyote. Kashfa hiyo ilifika Bungeni mwaka 1993, baada ya uchaguzi wa vyama vingi, pale nyaraka alizozitoa mfanyakazi wa Benki Kuu, David Munyakei, zilipofika mikononi mwa wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o. Wachungaji wa 1986 hawakujua kwamba Goldenberg inakuja. Walichokijua ni kwamba anayeruhusiwa kuiba hesabu ya watu mchana hatashindwa kuiba hesabu ya fedha usiku. Katika hilo waliona mbali kuliko wafadhili wa kigeni, ambao walikuwa bado wakiimwagia serikali ile misaada.

Gharama ya msimamo huo viongozi wa makanisa waliilipa wenyewe. Gazeti la NCCK lililoitwa Beyond lilichapisha habari za wizi wa kura za 1988, likapigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti. Aprili 1989 kundi la wahuni lilivamia nyumba ya Gitari usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele hadi majirani wakaja. Muge, aliyefichua njaa ya West Pokot wakati serikali ikiikana, na aliyekemea unyakuzi wa ardhi bila kuwachelea mawaziri, alionywa hadharani na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda Busia tarehe 14 Agosti 1990, na akiwa njiani kurudi gari lake liligongana na lori, akafa. Miezi minane kabla ya hapo Njoya alikuwa ametumia mahubiri ya Mwaka Mpya kuuliza kama utawala wa chama kimoja una maisha baada ya yaliyotokea Ulaya ya Mashariki. Desemba 1990 KANU yenyewe iliutupa mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, kikafutwa.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya simulizi hili ni la kabila. Husemwa kwamba Okullu alikuwa Mjaluo na Gitari wa Mlima Kenya, yaani watu wa maeneo yaliyokuwa yamesukumwa mbali na meza wakati wa Moi, kwa hiyo walichokililia ni nafasi ya jamaa zao, wakaivisha kanzu ya haki. Pingamizi hilo lina uzito, na tutaona lilikuja kuwa kweli baadaye. Kwa miaka hiyo, hata hivyo, ushahidi unalikataa. Muge alikuwa Mnandi, mtu wa jamii za Wakalenjin kama Rais mwenyewe, na dayosisi yake ilikuwa katikati ya ngome ya KANU. Gitari alikuwa amekwisha kusema mwaka 1975, wakati wa utawala uliohesabiwa kuwa wa kwao. Ndingi, Mkamba, aliyatetea maelfu ya watu waliofukuzwa mashambani katika Bonde la Ufa bila kuwachagua kwa lugha. Naye padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, hakuwa na kabila la kupigania Kenya. Aliishi na wakimbizi wa ndani katika kambi ya Maela, akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, akiwataja wakubwa aliodai walihusika na kuwanyang'anya watu ardhi, na Agosti 2000 mwili wake ukakutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wachunguzi wa Marekani walidhani amejiua. Uchunguzi wa mahakama ya Kenya uliamua mwaka 2007 kwamba aliuawa.

Kaiser anatukumbusha jambo ambalo sifa za mahubiri makali hulifunika. Nguvu ya makanisa ilitokana kwa sehemu kubwa na kujua mambo. Katika miaka ambayo magazeti ya kawaida yaliogopa na redio ilikuwa ya serikali, hakuna taasisi nyingine iliyokuwa na mtu wake karibu katika kila kata, mtu anayejua shamba la nani limechukuliwa, ni hati gani imebadilishwa, na lori la nani lilibeba vijana waliochoma nyumba. NCCK ilipotoa ripoti yake The Cursed Arrow mwaka 1992 kuhusu mapigano ya Bonde la Ufa, haikutoa maombolezo matupu. Ilitoa majina ya mahali, matukio na wahusika, yaliyokusanywa kutoka kwa watu waliokuwapo, na miezi michache baadaye kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilifikia mengi yaliyofanana. Mwaka huo huo akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliopigwa na polisi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Kanisa lilikuwa na jengo ambalo polisi walisita kuingia, walau hadi Julai 1997, walipoingia na kumpiga Njoya mle mle ndani.

Sasa tuje kwenye mfuko. NCCK ya miaka ya 1980 iliendesha kazi zake kwa sehemu kubwa kwa fedha za makanisa ya Ulaya na Amerika, na KANU haikuchoka kuwaita viongozi wake vibaraka wa mabwana wa kigeni. Pingamizi hili la pili ni zito kuliko lile la kabila, na haifai kulipuuza. Kanisa linalotegemea mfuko wa ng'ambo liko hatarini kufuata ajenda ya ng'ambo, na siku mfadhili akichoka kazi huanguka, jambo lililozikuta idara nyingi za makanisa baadaye. Lakini kwa suala la ufisadi wa serikali ya Kenya, fedha hizo zilikuwa na sifa moja: hazikutoka kwa mtu aliyestahili kukemewa. Linganisha na harambee. Mchango wa harambee ulianza kama njia ya wananchi kujijengea shule, zahanati na makanisa kwa nguvu zao, na kwa maana hiyo ni moja ya mambo mema zaidi ambayo Kenya imeyafanya. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umegeuka jukwaa ambapo waziri hutoa hadharani, kwa siku moja, fedha ambazo mshahara wake wa miezi mingi usingezifikia, na chifu huwazungukia wananchi akidai sehemu yao, hata kwa kuwachukulia kuku. Kanisa lililohitaji paa lilikuwa mwenyeji wa kawaida wa sherehe hizo. Lilimkaribisha mgeni wa heshima, likampa kipaza sauti baada ya ibada, likaimba, likapokea. Nani angeuliza fedha zimetoka wapi wakati mabati yameshapakiwa?

Kwa hiyo si ajabu kwamba makanisa yaligawanyika. Africa Inland Church, kanisa la Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK baada ya mgogoro wa mlolongo, na makanisa kadhaa ya kiinjili na ya Kipentekoste yalisimama upande wa serikali hadi mwisho. Yalikuwa na hoja ya kimaandiko, na si haki kuifanya ionekane ya kipumbavu: mtume Paulo katika Warumi 13 anawataka waamini watii mamlaka, na kazi ya kanisa ni roho za watu, wala si bajeti ya serikali. Jibu la Gitari lilikuwa kwenda kwenye kitabu cha Danieli. Katika mahubiri yake ya Juni 1987 alimweleza Danieli kuwa afisa mkuu wa serikali ambaye maadui zake walipekua kazi yake yote wasipate dosari, wakalazimika kubadilisha sheria ili wamnase. Mwanasiasa aliyesikia mahubiri hayo alielewa vizuri ni nani anasemwa. Naongeza jibu moja la kihistoria: makanisa yaliyodai kwamba hayajishughulishi na siasa ndiyo yaliyompa Rais nafasi mbele kila Jumapili, na taarifa ya habari ya televisheni ikafunguliwa kwa picha yake akiwa kwenye benchi la kanisa. Hiyo nayo ni kujishughulisha na siasa, tofauti ikiwa ni upande gani.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja baada ya ushindi. Serikali ya muungano wa NARC ilipoingia Desemba 2002 baada ya kuishinda KANU, viongozi wengi wa makanisa waliona kwamba wenzao wa barabarani na wa Ufungamano, mpango wa viongozi wa dini wa kudai katiba mpya, wamefika Ikulu. Mambo mazuri yalifanyika. Tume ya kuchunguza Goldenberg iliundwa, na Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 ikamkataza mtumishi kutumia cheo chake kuwashinikiza watu watoe michango. Katibu mkuu wa NCCK, Mutava Musyimi, alikubali kuongoza kamati ya serikali ya kampeni dhidi ya ufisadi. Nia yake huenda ilikuwa njema kabisa, ila nafasi ile ilimweka mkemeaji ndani ya nyumba ya anayekemewa. Kashfa ya mikataba hewa ya Anglo Leasing ilipofichuka, na John Githongo, afisa wa serikali wa kupambana na ufisadi, kujiuzulu Februari 2005, sauti ya makanisa haikufanana na ile ya 1988. Musyimi alitoka NCCK mwaka 2007, akagombea ubunge wa Gachoka, akashinda. Uchaguzi wa mwaka huo uliwakuta viongozi wa dini wamegawanyika kwa makabila, wengine wakiwaombea wagombea wao waziwazi, na damu ilipomwagika hapakuwa na askofu ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kwa sababu walikuwa wameegemea upande. Kukiri huko ni miongoni mwa nyaraka za heshima zaidi katika historia ya baraza hilo, na pia kunathibitisha kwamba pingamizi la kabila, lisilokuwa na haki mwaka 1990, lilikuwa limepata haki yake.

Kisha ukaja mwaka 2010. Rasimu ya katiba mpya ilikuwa na Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu, kifaa kikali zaidi cha kisheria dhidi ya ufisadi ambacho Kenya iliwahi kuandika. Sehemu kubwa ya viongozi wa makanisa waliipinga rasimu nzima kwa sababu ya vifungu kuhusu utoaji mimba na mahakama za kadhi. Gitari, akiwa askofu mkuu mstaafu, na Njoya waliiunga mkono. Siulizi hapa nani alikuwa sahihi kuhusu vifungu vile viwili, maana dhamiri za watu zinatofautiana kwa unyofu. Lakini wananchi walipoipitisha katiba tarehe 4 Agosti kwa takriban asilimia 67, walifanya hivyo bila uongozi wa makanisa yao, na sura ambayo ingepaswa kuwa mtoto wa mapambano ya mlolongo ikazaliwa wengi wa viongozi hao wa makanisa wakiwa upande wa pili. Pengine ndiyo sababu imekosa walezi. Watu wenye kesi za ufisadi wamegombea vyeo na kushinda, na wengi wao wamekaribishwa madhabahuni kutoa shukrani.

Dalili za sauti ya makanisa kurudi zilianza na suala la kipaza sauti. Septemba 2021, katika ibada ya kumtawaza Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na Maaskofu Wakatoliki wakatoa msimamo kama huo wiki hiyo hiyo. Lilikuwa jambo jema lakini nusu, kwa kuwa bahasha iliendelea kupokelewa hata mdomo ulipofungwa. Vijana walioandamana Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha waliona hilo, na baadhi yao walipeleka malalamiko yao hadi makanisani. Tarehe 14 Novemba 2024 Maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali juu ya ufisadi na uongo serikalini. Siku tatu baadaye Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto, na milioni 2 kwa ajili ya nyumba ya mapadri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Kwa maoni yangu, tangazo lile lina uzito kuliko taarifa iliyotangulia, kwa sababu taarifa za maaskofu Kenya imezisikia nyingi, na fedha za Ikulu zinazorudishwa hadharani haikuwa imezizoea. Machi 2025 Rais alitoa milioni 20 katika kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Hazikurudishwa, na Jumapili iliyofuata polisi walitumia vitoa machozi kuwatawanya vijana waliokuja kuandamana.

Wapo watakaosema kwamba kukataa michango ni anasa ya makanisa makubwa, na kwamba kanisa dogo la mtaa wa mabanda haliwezi kumudu. Ukweli ni kwamba makanisa madogo mengi ya Kenya yalijengwa na wakulima wa chai, mama mboga na makarani, shilingi kwa shilingi, kabla mheshimiwa yeyote hajajua yalipo. Umaskini wa waumini haukuyazuia kusimama. Kwa hiyo ombi langu ni kwa waumini zaidi kuliko kwa maaskofu. Jumapili ijayo hesabu za sadaka zitakaposomwa, ulizeni ni kiasi gani mwaka huu kimetoka kwa mtu mwenye cheo serikalini, kilitoka mfuko gani, na alipewa nini baada ya kukitoa. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao na kubandikwa mlangoni, mahali ambapo hata mtoaji mwenyewe ataliona akija tena.